Jina la Mwisho Daftarini

"Soma jina la mwisho," Leonida alisema, akalisukuma daftari katikati ya vikombe vya chai.

Sironka hakuligusa. Nje ya mgahawa ule wa Karatu, basi la Wasso lilikuwa linapakia mizigo.

"Miezi mitatu nauliza nani alianza kusema serikali inatia sumu kwenye josho, ng'ombe wafe, Wamasai wahame Ngorongoro. Huyu ananituma kwa yule. Wote wameishia kwako."

Mwaka 1979 huo. Binti ni mwandishi wa gazeti, na huyo anayemhoji ni mchumba wake; harusi imebaki wiki tatu. Yangekuwa yako ungefanyaje?

"Ng'ombe wa mama walikufa baada ya kuogeshwa," Sironka alisema.

"Uliwanywesha maji kwanza?"

Sironka aligeukia dirishani, akalitazama basi. Mfugaji gani hajui kwamba ng'ombe mwenye kiu atainywa dawa ya josho?

"Sironka, nimekuuliza."

"Ni siku ile uliyoniandikia, 'Njoo Jumamosi, baba amekubali kukuona.' Mto uko mbali, basi lingeniacha. Mama alipouliza nikaona aibu, nikasema dawa ina sumu. Neno moja tu."

"Neno hilo limemvunja mkono Bartolomeo, bwana josho wa watu. Na kesho Olais na kundi lake, hao waliompiga, wanakwenda kulibomoa josho."

"Ukiniandika, baba yako atanikataa."

"Nisipoandika, watu watauana." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nakupenda, Sironka. Na nitaandika."

Sironka alitoka bila kuaga, akapanda basi.

Asubuhi Leonida alifika joshoni kwa lori la mahindi. Olais na wenzake walikuwa wameshika marungu. Sironka alikuwa amesimama mbele yao na mitamba wanne.

"Hakuna sumu," alikuwa anasema. "Ng'ombe wa mama niliwapitisha na kiu. Niliwaua mimi, nikadanganya."

"Umelipwa na nani?" Olais aliuliza.

"Hawa ni mahari yangu. Wamekunywa mtoni alfajiri. Wakifa, sina mke."

Akawaswaga ndani mmoja mmoja. Kundi lilikaa pale mpaka kesho yake, likiwatazama mitamba wakila majani. Olais akatupa rungu lake, akaenda kumtazama Bartolomeo.

Habari ilitoka, jina la Sironka likiwemo.

Siku ya mahari, mzee Raphaeli, baba yake Leonida, alisimama langoni kwake Mbulumbulu, gazeti likiwa kwapani. Akawatazama mitamba, akamtazama kijana. Leonida aliwachungulia kutoka mlangoni.

"Wamekunywa maji?" mzee aliuliza.

"Wamekunywa, baba."

"Haya. Waingize."