Povu la Fisoa

Jua lilikuwa linazama nilipomwambia binti yangu, "Fetuao, twende mtoni tukachume fisoa kabla ya kengele." Majani hayo ukiyafikicha kwenye maji yanatoa povu. Mimi huyachanganya na maji ya danzi na mafuta ya nazi, natibu mba. Kisiwa chetu kizima cha Upolu wananifuata kwa dawa hiyo, ila mba ya mwanangu mwenyewe ilikuwa imenishinda, na harusi yake ilikuwa Jumamosi.

Kengele ya sala ya jioni ikatukuta mtoni. Kwetu saa hiyo unatulia, na mwanamke anafunga nywele zake, maana shetani mwenye mto ana wivu na nywele za watu. Nikafumba macho, nikasali.

Nilipofumbua, Fetuao alikuwa ameziachia nywele, povu limemjaa kichwani.

"We mtoto! Funga nywele!"

"Mama nawe na mashetani yako... Kichwa kinaniwasha!"

Mto ukanyamaza. Ikaja harufu ya maua yaliyooza. Kisha nikasikia mtu akijikuna ng'ambo.

Kra... kra... kra...

Hapakuwa na mtu.

"Twende," nikanong'ona. Akanifuata bila ubishi. Fetuao, bila ubishi! Hapo tu ningepaswa kushtuka.

Asubuhi kichwa chake kilikuwa safi, hakuna hata chembe ya mba. Lakini hakugusa majimbi, na aliniangalia kama mgeni aliyefika kwa watu asiowajua. Nikamwita Pelenise, mganga wetu. Akampaka mafuta, akamuuliza taratibu, "Wewe ni nani, bibie?"

Mdomo wa mwanangu ukatabasamu.

"Nimejikuna tangu zamani mno. Hakuna aliyewahi kuniosha. Dawa yenu nzuri, mama."

"Fetuao yuko wapi?" nikapiga kelele.

"Mtoni... Anajikuna."

Pelenise alizikata zile nywele, akaomba, akabembeleza. Wapi! Harusi ikavunjika.

Sasa kila jioni nabeba beseni la povu, nalimwaga mtoni huku namwita. Kule kujikuna hutulia kidogo, halafu huanza tena. Ee Mungu wangu, mtoto wangu anawashwa na kichwa chake sikifikii.

Nikirudi, huyu wa nyumbani ameshapika. Hunipokea beseni, akaniambia, "Pole na kazi, mama."

Namwitikia. Nitafanyaje? Sauti ni ya mwanangu.