Mbona Hunisafishi?

Mtu aliyesoma mita za maji kwa miaka kumi na minne hakosei namba. Ndiyo maana asubuhi ile, alipotupia jicho kidirisha cha kuhesabia picha kilicho juu ya kamera yake na kukuta kimeandika ishirini, alibaki kitandani na kiatu kimoja mguuni. Jana ilikuwa kumi na tisa. Ilikuwa kumi na tisa tangu siku mama yake alipoanguka bafuni, na tangu siku hiyo hakuwa amepiga picha hata moja.

Mtaani walimwita Mita, kwa ajili ya kazi yake, ingawa wapo walioapa kuwa ni kwa ajili ya urefu wake. Kamera ile ya mkanda, kuukuu, ilining'inia shingoni mwake kila alikokwenda: kazini, sokoni, hata msibani. Alipiga picha mbwa waliolala, alipiga viatu mlangoni, alipiga wateja wake wakipiga miayo. Mama yake alikuwa akimcheka: "Wewe hata kaburini utaingia ukitafuta mwanga."

Na mwanga ndio uliomponza. Siku ile alirudi nyumbani mapema, akamsikia mama akiugulia bafuni. Alimkuta chini, taulo limemfunika nusu, mguu umepinda vibaya, na mwanga wa dirishani umemwangukia kwenye mkono aliounyoosha kuomba kuinuliwa. Kabla hajafikiri, kamera ilikuwa jichoni. "Tulia kidogo," alisema. Kacha. Mama akamtazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hata hapa?"

Aibu ikamvaa mzima mzima. Badala ya kumwinua, alitoka kwa mlango wa nyuma akasimama ukutani, akijiambia kuwa dada yake yuko njiani, kwamba ni heri mwanamke mwenzake amwinue. Dada akachelewa. Ilipita karibu nusu saa. Siku ya tatu mama akafariki, na hakumtaja mwanawe kwa yeyote.

Tangu hapo dada yake mkubwa, aliyeishi naye katika nyumba hiyo ya wazazi, alikausha sakafu ya bafu mara tatu kwa siku, akiwa amepiga magoti na tambara mkononi. "Sabuni tu," alikuwa akinong'ona. "Nilitoka kununua sabuni tu, nikasimama kupiga soga. Mama yangu kafa kwa ajili ya soga." Alikuwa amekonda hadi bangili zikamvuka. Mita alimsikia kila siku, na kila siku alichukua begi lake la kazi akatoka. Hakuna aibu iliyozidi ile.

Mchana wa siku ile kidirisha kilipoandika ishirini, wakiwa mezani, kamera ililia ndani ya begi, alikoificha tangu asubuhi. Kacha. Hakuna aliyeligusa begi. Ikafuata harufu ya sabuni mbichi iliyochanganyika na dawa ya kuchua ambayo mama alikuwa akijipaka magotini.

Dada akaweka kijiko chini. "Unasikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Harufu ya mama."

"Mimi mafua yamenibana," alisema Mita, ambaye hakuwa na mafua yoyote.

Alipochungulia begini, kidirisha kilisoma ishirini na moja.

Kesho yake akarudi saa nane mchana, jua kali, dada yuko uani anaanika nguo, naye akaingia bafuni kunawa vumbi la kazi. Akafunga bomba, lakini maji yakaendelea kudondoka mahali fulani nyuma yake, tone baada ya tone, kwenye sakafu ambayo dada alikuwa ameikausha muda si mrefu, kisha matone yakawa kama mtu anayejikokota kwa kiganja kimoja, kiganja, kimya, kiganja, kimya, na ile harufu ikapanda mpaka ikamkaa kooni, na katika kioo akaona mkono mweupe kwa povu ukinyooka kutoka chini kuelekea mgongo wake, na sauti iliyokuwa ya mama na isiyokuwa ya mama ikamwambia taratibu, karibu kabisa na sikio: "Ulinipiga. Mbona hunisafishi?"

Alitoka mbio na povu mikononi, moja kwa moja hadi kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimkuta akichambua mchele, na hakuuacha.

"Huyo si mama yako," alisema alipokwisha kusikiliza. "Mama yako kapumzika. Bafuni ni makao ya majini, hilo hata watoto wanalijua. Huyo wako alikuwapo ulipompiga mama yako picha, akaipenda ile sura. Sasa ameivaa, huko ndani gizani, kwenye mkanda ambao hujausafisha."

"Nikauchome moto?"

"Uchome, aje akuvae wewe? Kasafishe picha. Kisha kaa na dada yako, umwambie kwa mdomo wako kila ulichokifanya. Kila kitu. Ndipo umpe aione. Mdomo kwanza, picha baadaye. Umenielewa? Yeye amebeba hatia ambayo si yake, na mtu wa namna hiyo ni mlango wazi. Ukimwambia ukweli, mlango unafungwa. Akiiona picha kabla hujasema..." Akapuliza makapi. "Usimwonyeshe kabla."

Fundi wa studio aliutoa mkanda akausafisha. Picha kumi na nane zilikuwa za mbwa na viatu. Ya kumi na tisa ilikuwa mama, mkono umenyooka, na nyuma yake katika kioo, wazi kabisa, mwanawe mrefu amefumba jicho moja. Baada ya hiyo hapakuwa na kitu, weusi mtupu. Fundi aliitia picha ile katika bahasha bila kumtazama usoni.

Njia nzima Mita alijifunza maneno. Dada, siku ile nilikuwepo. Maneno manne tu. Lakini alipofika na kumkuta dada amepiga magoti bafuni, tambara mkononi, naye akainua kile kichwa kilichochoka na kumwambia, "Umerudi, mdogo wangu? Chakula kipo," Mita akaitoa kamera begini. Akaiweka kwenye kiti kilichokuwa mlangoni. Akamnyooshea bahasha. Alijua anakosea, na bado alimnyooshea.

Dada akakausha vidole kwenye nguo, akaifungua. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ulikuwepo," alisema.

Hapo ndipo maneno yote yakaporomoka, nusu saa ya ukutani, mlango wa nyuma, nisamehe dada yangu, nisamehe, si wewe, ni mimi. Dada hakulia. Matone yaliyokuwa yakidondoka nyuma yao yakanyamaza. Ile harufu ikatoweka bafuni, na Mita akavuta pumzi akidhani amepona.

Kisha dada akainuka, akaichukua kamera. Maisha yake yote hakuwahi kuishika. Akaipachika jichoni kama mtu aliyeizoea.

"Dada, haina mkanda hiyo," alisema Mita, huku akirudi nyuma, kwa sababu harufu ya sabuni na dawa ya kuchua ilikuwa imerudi, na safari hii ilitoka kwenye pumzi ya dada.

"Tulia kidogo," alisema dada.

Maneno hayo Mita hakuwa amemwambia mtu, hata mganga.

Kacha. Kidirisha kilikuwa kimerudi kwenye sifuri pale mkanda ulipotolewa. Sasa kiliandika moja, na Mita, ambaye hakosei namba, aliisoma vizuri.