Cheri za Mwezi wa Sita

Asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi ya Yun-chi ilikuwa kumimina maziwa ya soya kwenye vikombe na kuvifunika. Baba yake, mzee Ko, aligeuza chapati za mayai kwenye chuma cha moto, na mama alipokea hela huku akisikiliza umbea wa wateja. Mwenye kupiga kelele alikuwa dada yake mkubwa, Wan-ju.

"Chapati mbili, moja iwe na pilipili! Nani kaagiza keki ya figili? Mjomba, skuta yako imeziba mlango, umehamia hapa au?"

Wateja wakacheka, na mteja mwenye skuta akaisogeza. Wan-ju alikuwa hivyo, mtaa wao mzima mjini Chiayi ulimjua kwa sauti. Yun-chi, yeye, akisalimiwa na mteja aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na yale yote yaliyomshinda kusema alimnong'oneza dada yake, na dada ndiye aliyeyasema. Ndiyo maana habari ya safari ilimkata maini.

Wan-ju alitaka kwenda Australia kwa mwaka mzima. Vijana wengi wa pale walikwenda. Unapewa kibali cha mwaka mmoja, unafanya kazi mashambani au hotelini, na kwa hela unayoipata unatembelea nchi. Kwa miaka miwili sasa, kila alipomaliza kusaidia kwenye kibanda cha wazazi, Wan-ju alikwenda kuchemsha chai kwenye duka la chai ya maziwa hadi jioni, akiweka akiba. Vidole vyake vilikuwa vimeungua hapa na pale, na alivionea fahari kama askari na makovu yake.

"Mwezi wa sita naondoka," alisema. "Naanzia Tasmania, kile kisiwa cha kusini kabisa. Kuna kazi ya kuchuma cheri. Rafiki yangu Chiu-ping yuko huko, kaniambia wanaanza kuchuma mwanzo wa miezi ya joto. Wiki ya kwanza niko shambani, wiki ya pili nalipwa!"

Yun-chi alitaka kusema, "Dada, usiende." Aliona aibu. Badala yake akaanza kutunga.

"Dada, huko kuna buibui wakubwa kama sahani. Wanalala ndani ya viatu."

"Nitavaa ndala."

Kesho yake akaja na lingine. "Nimesikia mtu wa miwani haruhusiwi kupanda ndege ya kwenda huko."

Wan-ju akaisukuma miwani yake juu ya pua. "Na rubani akiwa na miwani je? Anaachwa?"

Siku ya tatu, Yun-chi akasema binamu wa mtoto fulani wa darasani alipigwa teke na kangaruu akasahau jina lake.

"Sasa nyumbani kwao alirudije?" akauliza Wan-ju.

Baba alicheka mpaka chapati ikaungua. "Huyu mtoto haongei, lakini akifungua mdomo, anatoka kangaruu!" Tangu siku hiyo, mtu yeyote nyumbani akisema la uongo aliambiwa, "Hiyo kangaruu hiyo."

Jumapili mchana, baada ya kufunga kibanda, Wan-ju alipanga vikombe vitupu mezani na kuleta mfuko wa soya kavu. Punje moja ilikuwa dola elfu moja za kwao.

"Mkae mwone," alisema. "Hiki kikombe cha tiketi. Hiki cha kibali na bima. Hiki cha kitanda, hiki cha chakula." Alizigawa punje za akiba yake, tik, tik, tik, mpaka zikaisha. Kikombe cha kitanda na cha chakula vilikuwa na za wiki tatu tu.

"Baada ya wiki tatu utakula nini?" mama akauliza.

Wan-ju akachota punje nyingine mfukoni, akajaza kikombe cha mwisho mpaka zikamwagika. "Mshahara wa cheri! Huu utaendesha mwaka mzima."

Mama hakuridhika. Aliingia chumbani, akatoka na bahasha nyekundu. "Humu mna hela ya tiketi ya kurudi. Hugusi mpaka ukwame kabisa. Umenisikia?"

"Mama, sitakwama."

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nguo za safari Wan-ju alizikusanya kwenye boksi. Lilikuwa boksi zuri, jeupe, lenye picha ya cheri mbili. Mjomba wao aliwaletea mwaka mpya wa jadi, mwezi wa pili, likiwa limejaa cheri nyekundu, ngumu, baridi, na Yun-chi ndiye aliyekataa lisitupwe. Jumanne, akiwa amekaa sakafuni na kuliegemea akifanya kazi za shule, macho yake yaliangukia maandishi madogo ubavuni. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewafundisha miezi, basi akajaribu kusoma. Zimetoka Tasmania. Zimefungwa Januari.

Akasoma tena.

Kama zilifungwa Januari, basi zilichumwa Januari. Sasa dada anakwenda kuchuma nini mwezi wa sita?

Kesho yake, baada ya kufagia darasa, alizungukazunguka meza ya mwalimu wa jiografia mpaka mwalimu mwenyewe akachoka.

"Ko Yun-chi, umepoteza kitu?"

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa... Australia mwezi wa sita kuna joto?"

"Ee! Kumbe una sauti!" Mwalimu akatabasamu. "Kule ni kinyume na kwetu. Sisi tukitoka jasho, wao wanatetemeka. Kisiwa cha kusini ndiyo kabisa, mwezi wa sita miti ya matunda inabaki matawi matupu. Kwa nini?"

"Nauliza tu," Yun-chi akasema, akakimbia.

Siku hiyo hiyo, wenzake walipolaza vichwa juu ya madawati kwa usingizi wa mchana, yeye hakufumba jicho. Alikuwa amewaza jambo, na jambo lenyewe lilikuwa tamu na baya kwa pamoja.

Akinyamaza je?

Dada angekwenda, angekuta miti mitupu. Punje za wiki tatu zingekwisha. Angefungua bahasha nyekundu ya mama, na kabla ya sikukuu ya mbalamwezi, mwezi wa tisa, angekuwa nyumbani, wakichoma nyama mbele ya mlango kama kila mwaka. Wala Yun-chi asingekuwa amesema uongo. Angekuwa amenyamaza tu, na kunyamaza ndiyo tabia yake, nani angemlaumu?

Alinyamaza Jumatano. Alinyamaza Alhamisi. Wan-ju alimnunulia kitambaa cha nywele cha bluu. "Ili usinisahau, we kangaruu," alisema, na kitambaa kikambana Yun-chi kichwani kama kimefungwa kwa waya.

Alhamisi jioni Wan-ju aliingia akiburuta sanduku jipya la magurudumu. Akahamisha nguo zote kutoka kwenye boksi.

"A-chi," alimwita Yun-chi kwa jina la nyumbani, "gari la taka likija, lipeleke boksi hili. Mimi nikishakula nalipia tiketi. Bei ya punguzo inaisha leo."

"Ukighairi wanarudisha hela?"

"Ndiyo maana ni rahisi, hawarudishi hata senti. Lakini nani anaghairi?"

Haikupita muda, muziki wa gari la taka ukasikika kona ya barabara, na mtaa mzima ukatoka mbio na mifuko mkononi na ndala miguuni. Nyuma ya gari la taka likaja la pili, la chupa na maboksi. Yun-chi akasimama kwenye mstari na boksi mikononi. Boksi likienda, hakuna atakayesoma ubavu wake tena. Kazi ilikuwa kunyoosha mikono tu.

Mbele yake mama mmoja jirani alimgusa bega. "Naskia dada yako anakwenda ng'ambo! Atatuletea nini?"

Yun-chi aliinamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua. Na hapo, akiwa anatazama vidole vyake vya miguu, akamwona dada yake. Alimwona Wan-ju amesimama kibandani mwezi wa saba, amerudi mikono mitupu, wateja wanamuuliza, "Mbona upesi hivyo?" Wan-ju hapigi kelele. Wan-ju ameinamisha kichwa hivi hivi, kidevu kifuani, na vile vidole vilivyoungua amevificha mgongoni.

"Haya, mdogo wangu, lete boksi," akasema mfanyakazi wa gari, amenyoosha mkono.

"Hapana," Yun-chi akasema.

"Hapana nini?"

"Silitupi!" Alisema kwa sauti kubwa mpaka jirani akageuka. Akalikumbatia boksi, akakimbia nalo nyumbani.

Wan-ju alikuwa mezani, simu mkononi, bakuli la tambi pembeni. Vikombe vya punje bado vilikuwa vimepangwa. Yun-chi akalitua boksi katikati.

"Dada, usilipe."

"Kuna nini tena? Buibui wamekua?"

Baba akacheka. Hata mama akacheka. Machozi yakamlengalenga Yun-chi, lakini safari hii hakukimbia.

"Buibui niliwatunga. Na miwani nilitunga. Na kangaruu pia. Sikutaka uende, ndiyo maana. Lakini hili sijatunga. Soma hapa."

Wan-ju akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Januari," akasema taratibu. "Si watakuwa wanachuma mara mbili kwa mwaka?"

"Mwalimu amesema mwezi wa sita miti haina hata jani."

"Mpigie Chiu-ping," akasema baba. Sasa hakuwa anacheka.

Chiu-ping alipokea, na sauti yake ikajaa chumba. "Cheri mwezi wa sita? Labda za kuchora! Huku mwezi wa sita navaa soksi mbili mbili na bado natetemeka."

"Wewe si ulisema mwanzo wa miezi ya joto?"

"Ya huku, Wan-ju! Mwezi wa kumi na mbili! Jamani, hujanunua tiketi, eti?"

Wan-ju akaiweka simu chini. Alikuwa amepauka. Yun-chi akanyoosha mkono, akakivuta kikombe cha mshahara, akazimimina punje zote kurudi mfukoni. Mezani vikabaki vikombe vya wiki tatu.

"Kuna jingine," akanong'ona. "Nilijua tangu juzi. Nilinyamaza. Nilitaka hela ikuishie urudi mapema."

Wan-ju akamtazama mdogo wake bila mzaha.

"Ungeniacha nikachume vijiti kwenye baridi?"

"Siku mbili nilitaka. Leo nikashindwa."

"Na kunishitua hivi, wakati nina tambi mdomoni..." Akamvuta Yun-chi kwa sikio, kisha kwa shingo, akamkumbatia mpaka miwani ikapinda. "Siku nyingine niambie tu, 'Dada, usiende.' Nitakwenda, lakini niambie. Huko nani atanionyesha makosa yangu?"

Baba akakichukua kile kikombe cha mshahara, akakijaza maziwa ya soya, akayanywa yote. "Hiki sasa ni cha maziwa," alisema, akijifuta mdomo. "Mshahara utaingia kwenye hesabu siku utakapokuwa mkononi. Leta punje, tuanze upya."

Walianza upya. Safari ikasogezwa mpaka mwezi wa kumi na moja. Wan-ju akaendelea na duka la chai, na kila mwisho wa mwezi yeye na Yun-chi walikaa mezani kuongeza punje, mpaka vikombe vya kitanda na chakula vikatosha miezi mitatu bila kazi yoyote. Yun-chi akaongeza kikombe cha koti, na kingine kidogo cha kuugua. Usiku wa sikukuu ya mbalamwezi walichoma nyama mbele ya mlango kama kila mwaka. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, Yun-chi alisema kwa sauti ya kusikika, "Dada, usiende." Kisha akamsukumia sanduku lake mpaka mlangoni.

Mwaka mpya wa jadi ulipofika, mjomba wao akaja na boksi la cheri. Simu ikapigwa wakati wa chakula, na uso wa Wan-ju ukatokea, umeungua jua, kofia kubwa kichwani.

"Mnakula cheri? Tazameni vizuri, labda nimezichuma mimi! A-chi, bahasha ya mama bado imefungwa! Na buibui nimemwona. Kama sahani kweli!"

"Hiyo kangaruu hiyo," akasema Yun-chi, na meza nzima ikaangua kicheko.

Simu ilipokatika, kiti cha Wan-ju kikaonekana wazi zaidi. Baba akamwekea Yun-chi cheri moja kwenye bakuli.

"Unamkumbuka?"

Yun-chi akatikisa kichwa kukubali.

"Hata mimi. Lakini sikiliza, mwanangu. Uongo wako ulikuwa wa kumzuia, na haukumzuia hata siku moja. Na ule ukimya ungemrudisha nyumbani bila hela na bila raha. Ukweli wako ndio uliomfikisha salama. Ukimpenda mtu, mwambie kweli, hata kama inamsogeza mbali na wewe. Na ukipanga jambo, hesabu ulichonacho, usihesabu unachokiota. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Basi kula. Siku ya nne ya mwaka tunafungua kibanda, na sina mtu wa kupiga kelele."

Siku ya nne, kabla ya jua kutoka, wateja walipanga mstari wakitoa mvuke midomoni. Yun-chi alikuwa anafunika vikombe, kitambaa cha bluu kichwani. Akainua uso. Mdomo ukafunguka.

"Chapati mbili, moja iwe na pilipili! Na wewe mjomba, skuta yako imeziba mlango!"