Maneno Ambayo Filamu Haikusema

Kanini alikuwa anachagua nyanya soko la Kawangware aliposikia mwanamume akibembeleza bei nyuma yake. Akageuka, nyanya mkononi.

"Hiyo sauti! Si wewe ndiye DJ wa ile filamu ya nyota?"

Gichuru, shati la drafti, kofia mbele nyuma, akacheka. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Hiyo ya nyota, inayosifiwa dunia nzima, Kanini aliiona mara nne kwenye ukumbi wa video Mashimoni, kwao Kibera. Kila mara alilia pale rubani anaporudi mzee na kumwambia mkewe: "Nimezunguka mbingu yote, mama, sikuona mahali pengine pa kuvulia viatu."

Basi mapenzi yakashika. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, sweetie?"

"Nimekula, lakini sijakuona, kwa hivyo sijashiba."

"Wacha uongo!"

Miezi mitatu hivyo, na Kanini akiamini kila neno.

Kosa la Gichuru ni kupenda kujionyesha. Jumapili baada ya kanisa akamkaribisha kwake waione filamu yenyewe, bila DJ. Kanini akavaa gauni lake la njano. Wueh! Masaa mawili watu wananong'ona ndani ya chombo cha angani, hakuna utani, hakuna methali. Akavumilia, akingoja rubani arudi. Rubani akarudi, akamtazama mkewe, akanyamaza. Filamu ikaisha.

"Ni hiyo tu? Na yale maneno ya viatu?"

"Niliyaweka mimi, babe. DJ akiacha kimya, watu wanapiga miluzi."

Kanini akasimama. "Kumbe ukiona kimya unajaza tu! Na mimi je? Yote unayoniambia ni kazi?"

Akaenda zake. Siku nne hakushika simu, na moyo ulimuuma, tusidanganyane. Alimpenda, ila hakujua tena neno lipi ni lake na lipi ni la DJ.

Siku ya tano akashika.

"Niaje, Kanini." Kisha kimya kirefu.

"Ongea basi. Si ndiyo kazi yako?"

"Leo sina maneno."

"Hata moja?"

"Nimeuliza Wakamba wa hapa mambo ya kwenu. Wanasema posa inaanza na mbuzi watatu. Nimepata wawili. Wa tatu bado natafuta."

Kanini akakalia ndoo, machozi yakamtoka hata kabla hajajibu.

"Asiwe amekonda," akasema. "Babangu huangalia meno."