Salamu kwa Saa ya Bile

Saa ya Bile ilipaswa kusimama siku mbili baada ya mazishi yake. Ilikuwa otomatiki: haitiwi ufunguo, hujijaza mkono wa mvaaji ukitembea, ikivuliwa, huishiwa nguvu. Mjane wake, Safiyo, aliifungia ndani ya kopo la majani chai akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Alipotoka eda, Machi 1978, saa ilikuwa bado inakwenda, wala haikupoteza dakika.

Hakumwambia mtu. Aliipeleka kwa Yattani, fundi wa saa wa mtaa wa Bulla Pesa.

"Fundi, hii ni nzito, inaniteleza mkononi. Niwekee kwa kasha nyembamba."

Yattani aliiweka saa ya Bile na nyingine bapa juu ya kitambaa. "Angalia, dada. Mashine ya kutia ufunguo ni bapa, inalala kwa kasha bapa. Hii ya marehemu iko na kipande kizito cha nusu duara, kinazunguka mgongoni. Inataka kasha yenye tumbo. Nikiihamisha, lazima nitoe hiki kipande. Halafu utakuwa unaitia ufunguo kila asubuhi."

"Toa."

Alifungua skrubu, akakiweka kipande kwenye kisosi. Saa ikasimama.

Lowoi, muuza chai wa jirani, alicheka. "Yattani, umeua saa ya watu!"

Kisha kipande kikageuka kisosini.

Ilikuwa saa saba mchana, hakuna upepo. Kikageuka tena, krr, kikatulia, krr, kama kilicho kwenye mkono wa mtu anayetembea bila haraka, na harufu ya dizeli na jasho la mbuzi, ileile aliyorudi nayo Bile na lori lake kutoka Moyale, ikapanda, ikajaa kibanda, ikamkaba Yattani hata koleo likamponyoka, na Lowoi akarudi kinyumenyume akijimwagia chai miguuni asihisi moto, na bado kile kipande kilikuwa kikitembea.

"Ni yeye," Safiyo alinong'ona. "Msikiguse."

Lowoi alikimbia kumwita Shehe Shuriye. Mzee alisikiliza kidogo.

"Bile tulimzika. Huyu ni karini, jini aliyezaliwa naye. Mwenzake akifa, huenda zake. Nani amemzuia?" Akamtazama Safiyo. "Ulikuwa unaambia nini hiyo saa, mwanangu?"

"Kila asubuhi nilifungua kopo... nikasema salaam aleikum. Hiyo tu."

"Salamu ni lazima ijibiwe. Umemrudisha kila siku aje ajibu."

"Na akienda, shehe, mimi nabaki na nani?"

Mzee aliketi mbele ya kisosi. "Nitasoma Kurani," alisema kwa upole. "Lakini usimsalimie tena. Hata kwa moyo."

Alisoma. Kipande kikapunguza mwendo. Safiyo akanyoosha mkono, kisha akaurudisha chini ya shuka aliyojitanda. Kikasimama, na harufu ikaondoka polepole, kama mtu anayeaga.

Yattani alifunga mashine ndani ya kasha bapa, akaitia ufunguo, akamvisha Safiyo. Ilimkaa vizuri.

Kabla ya magharibi Safiyo alifungua kufuli la nyumba yake. Mwislamu akiingia nyumbani husalimu, hata kama hamna mtu. Miaka yote alikuwa akiitoa salamu hiyo bila kuwaza. Alisimama kizingitini, ufunguo mkononi, akautazama ukumbi mtupu. Adhana ilimkuta papo hapo, mdomo ameufumba.