Moyo Uliokwama Horohoro

Lango la Horohoro halikuwa na askari wala chuma cha kuzuia magari. Lilikuwa tao jeupe juu ya barabara, kati ya mpaka na mpaka, na kila aliyepita chini yake alipimwa kitu asichoweza kukiona: taarifa zake zilizohifadhiwa kwenye wingu. Saa ya mkononi, jicho la kuundwa, mguu unaojiongoza, vyote akili zake zilikaa mbali, katika majumba ya mashine, na kila nchi ilikuwa na sheria yake juu ya majumba hayo. Nchi moja ilisema taarifa za mwili wa raia zisitoke mpaka anayezipokea akiri kuzipokea. Nyingine haikupokea kitu mpaka kiachiliwe kabisa kule kilikotoka. Ya tatu, huko kwenye barafu ambako mashine hupoa zenyewe, ilidai kwamba chochote kinachogusa mitambo yake kitahukumiwa na mahakimu wake. Lango lilizijua sheria zote na kuzipatanisha kabla msafiri hajainua mguu wa pili.

Aliyelibuni ni Mhandisi Nyamvula Chirima. Alijivunia, na kwa nini asijivunie? Hata sauti ya lango aliichagua mwenyewe. Sheria zilipogongana, lango lilisema kwa upole, "Tafadhali ngoja. Subira huvuta heri."

Ijumaa ile lilimwambia hivyo Mzee Ndaro wa Vanga tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Alikuwa anakwenda Duga, hapo mbele tu, kwenye harusi ya mpwa wake Mwanamisi. Lakini kifuani alibeba moyo-wingu, moyo wa kuundwa usiojua kupiga peke yake, unaoongozwa kutoka mbali, pigo kwa pigo. Alikotoka hawakutaka kuuachia mpaka aendako wakiri. Aendako hawakutaka kukiri mpaka alikotoka wauachie.

Nyamvula alitoka ofisini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili tao lako lina adabu kuliko shemeji zangu, lakini halinipitishi."

"Ukivuka hivi hivi, moyo utakosa wa kuuongoza. Rudi nyumbani, mzee wangu. Nitawaandikia wakubwa, wiki ijayo watakuwa wamepatana."

"Harusi ni leo. Na kwetu, baba ndiye anayeoza, lakini mjomba asipotamka kwamba yupo, shehe hafungui mdomo." Mzee akajifuta jasho. "Mama yake Mwanamisi ni dada yangu, Mwanatumu. Humkumbuki? Alikuwa na figo za wingu. Alikufa hapa, chini ya tao lako, akisubiri."

Nyamvula alimkumbuka. Alikumbuka leso yake ya zambarau, na namna lango lilivyoendelea kumwambia subira huvuta heri hata alipokuwa ameshalala chini. Ripoti ilisema ni hitilafu ya mawasiliano. Haikuwa hitilafu. Lango lilifanya kazi kama alivyolifundisha, kwa sababu siku alipolifundisha aliamini kwamba kungoja hakumuui mtu. Aliona aibu.

"Nipe kiti," alisema Mzee Ndaro. "Kule hawaniachii, huku hawanipokei. Basi nitakaa katikati. Hapa pana sheria ya nani?"

Nyamvula aliitazama lami chini ya tao. Hapakuwa na sheria ya mtu. Ule ukanda wa lami haukuwa wa huku wala wa kule, na lango lilisimama juu yake likiwa na mashine kubwa tumboni. Mashine ile ingeweza kuongoza moyo mmoja, mradi mwenye moyo asitoke kivulini mwa tao.

"Mzee," alisema, "waambie walete harusi."

Wakaileta. Walikuja na majamvi, ngoma, masufuria ya pilau na shehe anayenung'unika. Nyamvula alipolikabidhi lango moyo wa mzee, lilikosa nafasi ya kupima mtu mwingine, kwa hiyo watu wa pande zote mbili wakapita kama wanaokwenda gengeni. Shangazi mmoja alilipigapiga tao kwa kiganja, akaliambia nalo lingoje kidogo.

Sura ya Mkurugenzi Kalikawe ikatokea kwenye kioo cha ofisi, kutoka makao makuu.

"Mhandisi, lango lako limelala."

"Halijalala. Linaongoza moyo wa mtu."

"Kwa sheria ipi?"

"Hakuna. Sheria zenu zote zilimkataa."

"Unaelewa kwamba hiyo itakugharimu kazi yako? Lizime, uliwashe upya."

"Nikizima, atakufa."

"Basi ataandikiwa hitilafu, kama—"

"Kama Mwanatumu," alisema Nyamvula. "Ile ripoti niliisaini. Hii siisaini. Ukitaka lizimwe, njoo ulizime mwenyewe, mkurugenzi, huku unamtazama usoni. Pilau ipo, utakaribishwa."

Akakigeuzia kioo ukutani, akatoka nje. Alijua kesho hatakuwa na ofisi. Akaufungua mtambo wa lango, akaifuta ile sauti ya upole, kisha akaenda kukaa jamvini pamoja na wanawake.

Ngoma zilinyamaza. Mwanamisi alikaa chini ya tao alipofia mama yake, leso ya zambarau mabegani. Shehe akakohoa.

"Mjomba wa bibi harusi yupo?"

Mzee Ndaro alisimama taratibu. Akatazama mpaka wa huku, akatazama mpaka wa kule, kisha akaweka kiganja kifuani, pale moyo ulipokuwa unapiga bila ruhusa ya mtu.

"Nipo," alisema.