Begi la Joëlla Halikosi Shule

Joëlla alikuwa na miaka kumi na mitatu, na begi lake lilikuwa mwanafunzi mwema sana. Lilifika darasani mapema. Halikuongea na jirani. Halikuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kama shule ile ya Buterere, mtaa wa pembeni mwa jiji, ingetoa zawadi ya nidhamu, begi lingeichukua.

Joëlla mwenyewe hakuwapo. Alikuwa shambani akifukuza ndege.

Shamba la mpunga lilikuwa la mama yake, Daphrose. Mpunga ulikuwa umeanza kushika punje, na ndege wadogo walizipata habari hizo kabla ya wenye shamba. Usipowafukuza, unavuna majani matupu. Kwa hiyo Joëlla alisimama kwenye tope tangu asubuhi, akipiga kopo kwa fimbo na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Mama yake alikuwa mjini akibeba mchanga kwa wajenzi. Jioni wote wawili walikaa wakitazama sufuria ya maharage. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuipakua.

Wazo la begi lilitoka kwa Daphrose. Alilipata kwenye bomba la maji. Pale Buterere, mtu anaweka bido lake, yaani dumu la maji, kwenye foleni, halafu anakwenda kufanya kazi nyingine. Majirani wanalisogeza. Akirudi, anakuta zamu yake ipo. Daphrose akafikiri kwamba benchi la shule nalo ni foleni. Benchi la watoto watatu lilikaliwa na watano. Asiyekuja, nafasi yake inakwenda.

"Laure, beba begi ya Joëlla," alimwambia binti wa dada yake, aliyeishi kwake na kusoma darasa moja na Joëlla. "Weka pale anakaa. Mutu asikamate nafasi yake mupaka tuvune."

"Na mwalimu akiuliza?"

"Mwalimu iko na watoto tisini. Atauliza nani?"

Laure alitii, na akazidisha. Alitia jiwe ndani ya begi ili lisianguke. Na mwalimu alipoita jina la Joëlla, Laure aliinamisha kichwa na kuitikia kwa sauti nyembamba: "Présente!"

Mambo yalikwenda hivyo wiki mbili. Kisha siku moja mwalimu Sylvère alitaka mtu wa kufanya hesabu ubaoni.

"Joëlla, njoo."

Begi halikusogea.

"Joëlla! Nimekusikia sasa hivi. Njoo!"

"Mwalimu," Laure alisema, "anaona haya."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu alipita katikati ya magoti na madaftari mpaka benchi la nyuma. Alilifungua begi. Alilitazama jiwe. Hakucheka wala hakumpiga mtu. Alikuwa amefundisha watoto wa asubuhi, na watoto wa mchana walikuwa tayari wanamngoja mlangoni.

"Huyu ananisikiliza kuliko ninyi wote," alisema.

Jioni alilibeba begi mpaka kwa Daphrose. Njia ilikuwa imejaa maji, akafika amevua viatu.

"Karibu, mwalimu. Laure! Leta kiti!"

Laure alikuwa amekwisha kutoweka.

"Mama Joëlla," mwalimu alisema, "nimekurudishia mwanafunzi wangu. Ana adabu nzuri, lakini hesabu hajui hata moja."

Daphrose alilitazama begi. Hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Mwalimu, nisamehe. Nililinda nafasi tu. Kama bido kwa bomba."

"Bido ikifika mbele, mwenyewe haiko, nani anaijaza?"

Mwalimu akaendelea polepole, kwa sauti ya mtu aliyesema tangu asubuhi.

"Mtihani wa mwisho wa mwaka uko karibu. Joëlla amekwisha kurudia darasa la sita mara moja. Shule yetu hairuhusu mara ya pili. Akianguka, basi. Masomo yake yanaishia hapo."

Joëlla alikuwa mlangoni, tope mpaka magotini. Alisikia yote.

"Mama?" alisema. Sauti yake ilitoka kama mlango mkavu.

Daphrose alikaa chini. "Tufanye je sasa? Shule ni bure, lakini ndege nao wanakula bure. Watoto wa Rohero wanapelekwa shule na gari. Ndege hawasumbui muchele yao, iko ndani ya gunia. Mbona sheria ya kusomesha watoto inanishika mi?"

"Mtoto wa tajiri atasoma hata bila sheria," mwalimu alisema. "Sheria iliwekwa kwa sababu ya Joëlla. Kwenu, kila siku kuna sababu nzuri ya kumbakisha mtoto nyumbani. Leo ndege. Kesho mdogo wake anaumwa. Kesho kutwa maji yameingia nyumbani. Sababu zote ni za kweli. Ukizijumlisha, mtoto anakuwa mtu mzima asiyeweza kusoma karatasi anayotia sahihi. Ndiyo maana sheria inasema: hata kama sababu ni nzuri, mtoto asome."

"Na benchi? Watoto tano kwa benchi moja, hiyo ni sheria?"

Mwalimu alijikuna shingo. "Apana. Hapo unasema kweli. Wakubwa wanapaswa kuleta mabenchi na walimu, na tuwadai. Lakini tukingoja mabenchi, Joëlla atazeeka." Halafu akauliza, "Kule shambani anafukuza ndege peke yake?"

"Apana. Mutoto wa Geneviève iko pale. Wa Karimu pia."

"Mashamba yenu yanatengana?"

"Yanashikana."

"Watoto watatu, kwa ndege wale wale?"

Daphrose alianza kuhesabu kwa vidole. Nyuma ya ua wa matete kukasikika kicheko. Ni Geneviève, jirani yake aliyetoka Uvira, ambaye hakuwahi kukosa mazungumzo ya mtu.

"Yampaye inka! Tumekuwa wajinga watatu!" alishangaa, akaingia bila kubisha hodi. "Mama Joëlla, mutu moja anatosha. Mukubwa moja, mashamba tatu. Leo mi, kesho we, kesho kutwa Karimu."

Karimu, dereva wa baiskeli ya abiria, aliitwa. Hakupendezwa.

"Mi mwanaume, nipigie ndege kelele?"

"Kwa mupira unapiga kelele bure," Geneviève alimjibu. "Na timu yako inafungwa."

Walifunga kamba kuzunguka mashamba yote, wakatundika makopo. Ukivuta upande mmoja, yote yanalia. Watoto watatu walirudi darasani. Laure alipewa adhabu: kila jioni amfundishe Joëlla yote ambayo begi liliyasikia bila kuelewa. Alilalamika kwamba kumfundisha mtu ni kazi kubwa kuliko kuitika kwa ajili yake.

Haikuwa rahisi. Siku ya zamu, Daphrose alikosa kibarua, na usiku wakala kidogo. Karimu alisinzia siku moja, ndege wakamaliza pembe nzima ya shamba la Geneviève. Waligombana mpaka jua likazama. Kesho yake Karimu alirudi shambani bila kuitwa.

Matokeo yalitangazwa siku chache kabla ya mavuno. Ilikuwa zamu ya Daphrose. Alikuwa amesimama kwenye tope tangu alfajiri, mkono wa kuvuta kamba ukiuma mpaka begani. Akamwona Joëlla anakimbia juu ya tuta, viatu mkononi.

"Mama! Nimepita! Naenda la saba!"

Daphrose alitaka kupiga vigelegele. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha kwa ndege. Akamshika mtoto kichwa kwa mikono yenye tope, akacheka kimya kimya.

Joëlla alinyoosha mkono kushika kamba, kama alivyozoea. Mama yake akamsukuma pembeni.

"Apana," alinong'ona. "Nenda ukale. Hawa ni ndege wangu."